Mpira Usio na Babu: Kuwasoma Wamarekani Wasiolitaka Soka

Kila baada ya miaka minne, Kombe la Dunia likikaribia, magazeti ya Marekani huchapisha insha moja ileile. Mwandishi hubadilika, insha haibadiliki. Inaeleza kwa nini mwandishi haupendi mpira wa miguu, kwa nini Mmarekani wa kweli hataupenda kamwe, na kwa nini wale wanaoushabikia wanajifanya tu. Huwa fupi, yenye utani mwingi, na mara nyingi imeandikwa vizuri kuliko insha za wanaoutetea mpira huo. Nimezisoma nyingi, nyingine mara mbili mbili, kwa sababu naona hii ni aina ya fasihi yenye kanuni zake, kama hadithi za sungura zilivyo na kanuni zake. Na kama ilivyo kwenye hadithi za sungura, anayezungumzwa si sungura.

Najua msomaji wa huku kwetu atashangaa. Mtu achukie mpira? Kwetu mtu huichukia Simba au huichukia Yanga. Mpira wenyewe ni kama mvua, unaweza kukukera leo lakini huandiki makala ya kuupinga. Wapo wasioujali, tena wengi, ila wao huinuka zao kimya kimya wakaenda kulala. Mmarekani ninayemzungumzia hapa hafanyi hivyo. Yeye haupendi, halafu anataka ujue kwamba haupendi, halafu anataka ukubali kwamba kutoupenda huko ni sehemu ya uraia wake. Hiyo hatua ya tatu ndiyo iliyonivuta. Kutopenda ni ladha, na ladha haina mjadala. Kukataa ni hoja, na hoja inaweza kuhakikiwa.

Wala tusiwatie Wamarekani wote kapu moja. Kombe la Dunia la 1994 lilipofanyika kwao, mechi moja ilivuta wastani wa watazamaji karibu 69,000, na jumla yao ilipita milioni 3.5. Timu yao ya wanawake imechukua Kombe la Dunia mara nne: 1991, 1999, 2015 na 2019. Fainali ya 1999 pale Rose Bowl, California, iliingiza watu zaidi ya 90,000. Lionel Messi alipohamia Inter Miami mwaka 2023, jezi ya waridi ilionekana kila kona. Kwa hiyo ninapozungumzia wasioutaka, nazungumzia baadhi. Lakini ni baadhi wenye sauti, wenye safu magazetini, na wakati mwingine wenye mhuri wa ofisi. Tutafika huko kwenye mhuri.

Mashtaka matano

Ukizisoma insha hizi kwa wingi, mashtaka huwa yaleyale. Mabao machache. Sare. Mikono isiyotumika. Wachezaji wanaojiangusha. Na saa ambayo hakuna anayeijua isipokuwa refa.

Mengine yana ukweli. La kujiangusha, kwa mfano, sina la kulijibu. Dave Eggers, ambaye ni mwandishi mwenye mapenzi na huu mchezo, alilisema waziwazi kwenye insha yake iliyomo katika mkusanyiko wa The Thinking Fan's Guide to the World Cup wa mwaka 2006: Mmarekani hawezi kumheshimu mtu mzima anayegaragara chini kwa maumivu ya uongo, kisha dakika moja baadaye anakimbia kama swala. Na sisi tunamjua mchezaji huyo. Tunamzomea akiwa wa kwao, tunamtetea akiwa wa kwetu.

La saa nalo lina uzito, japo si kwa sababu wanayoitoa. Futiboli ya Kimarekani ina dakika 60 za mchezo, lakini mechi yake hupita saa tatu kwa sababu inasimama kila mara, na inaposimama, televisheni inauza sabuni, magari na bia. Besiboli nayo ina mapumziko ya kila nusu ya zamu. Sasa chukua mchezo unaokwenda dakika 45 bila kusimama. Utaweka wapi tangazo? Vituo vya televisheni vya Marekani vilikuwa na sababu ya kifedha ya kutoushabikia mpira wetu muda mrefu kabla mtazamaji hajaulizwa anapenda nini. Waandishi wa insha hizi karibu wote huliruka jambo hili. Wanasema Mmarekani hakuuchagua mpira, wala hawasemi duka lilikuwa limefungwa.

Lakini shtaka linalonivutia zaidi ni la sare. Hapa ndipo unapoona ladha ya kweli, si visingizio. Futiboli ya vyuo vikuu ilizifuta sare mwaka 1996. Hoki ya barafu ya kulipwa ikazifuta mwaka 2005. Na ligi kuu ya soka ya Marekani, MLS, ilipoanza mwaka huohuo wa 1996, iliamua kumbembeleza Mmarekani: hakuna sare. Mechi ikiisha wakiwa sawa, mchezaji anawekwa yadi 35 kutoka golini, anapewa sekunde tano, anakwenda ana kwa ana na kipa. Hata saa ya uwanjani ilihesabu kurudi nyuma, kama kwenye michezo yao mingine. Haikusaidia. Wasioupenda mpira hawakuja, na waliokuwa wanaupenda waliona aibu. Kufikia msimu wa 2000 mambo hayo yakatupwa.

Kwa Kiswahili tuna bahati hapa. Watangazaji na waandishi wetu wa michezo wana maneno mawili pale ambapo Mmarekani ana moja tu, tena analolichukia. Timu zikifungana bao moja moja, ni sare. Zikitoka bila bao, ni suluhu. Na suluhu ndilo neno tunalotumia watu wawili wanapopatanishwa barazani, baada ya wazee kuwasikiliza, kila mmoja akatoka na heshima yake. Sisemi kwamba shabiki wa Kariakoo hufurahia suluhu. Atatukana njia nzima hadi nyumbani. Ila lugha yake imeshamwandaa kwamba jambo linaweza kwisha hivyo na likawa limekwisha kweli. Mwandishi wa Kimarekani anaiona mechi isiyo na mshindi kama hadithi iliyokatwa kabla ya mwisho. Hii ni tofauti ya kweli kuhusu nini maana ya mwisho, na ningefurahi kusoma insha moja ya Kimarekani iliyokaa hapo na kuchimba. Sijaipata. Wakifika kwenye sare wanacheka kidogo, halafu wanahamia kwenye siasa.

Ubepari, ujamaa na babu mzaa babu

Siasa yenyewe ilipata kauli yake maarufu mwaka 1986. Baraza la Wawakilishi lilikuwa likijadili azimio la kuunga mkono ombi la Marekani la kuandaa Kombe la Dunia la 1994. Akasimama Jack Kemp, mbunge wa New York ambaye zamani alikuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani katika timu ya Buffalo Bills, akasema tusichanganye mambo: futiboli yetu ni ubepari wa kidemokrasia, soka ni ujamaa wa Ulaya. Baadaye alisema ulikuwa utani. Huenda. Lakini utani ulidumu, na umerudiwa hadi leo na watu ambao hawatanii.

Kichekesho ni kwamba ukitazama jinsi michezo hiyo inavyoendeshwa, kauli ya Kemp imesimama kichwa chini miguu juu. Katika ligi ya futiboli ya Marekani, timu iliyoshika mkia ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana bora wa msimu unaofuata. Fedha za televisheni zinagawanywa sawa kwa sawa. Mishahara ina ukomo. Hakuna kushuka daraja. Ukimwonyesha mpango huo mzee aliyepitia semina za Azimio la Arusha, atakuuliza mbona umeuficha muda wote. Soka la Ulaya ndilo lenye ukatili wa soko: mwenye pesa ananunua, wa mwisho anashushwa, anayeshindwa kulipa anafilisika.

Halafu yuko Ann Coulter. Safu yake ya Juni 2014, wakati timu ya Marekani ikifanya vizuri Brazil, ndiyo kilele cha aina hii ya uandishi. Kimuundo ni nzuri, lazima niseme. Ni orodha ya mashtaka, kila moja fupi, kila moja na kiroja chake: mchezo hauna mashujaa, hauaibishi mtu, wavulana na wasichana wanaucheza pamoja, ni wa kigeni kama kipimo cha mita. Unacheka hata ukikereka. Kisha anafika mwisho na kutoa kipimo chake cha nani Mmarekani. Anaahidi kwamba hakuna Mmarekani ambaye babu mzaa babu yake alizaliwa nchini humo anayetazama soka; wanaotazama ni matokeo ya sheria ya uhamiaji ya 1965.

Hapo mzaha unaisha. Orodha yote ya mabao machache na mikono isiyotumika ilikuwa ngazi ya kumfikisha kwenye sentensi hiyo. Sitamlaumu kwa kuficha. Wengi wanaomfuata hawana hata ujasiri wa kuifikia. Lakini kama msomaji wa insha, najiuliza: kama hoja ni uhamiaji, kwa nini iandikwe kupitia mpira? Jibu langu ni kwamba mpira unaruhusu kusema jambo ambalo ukilisema wazi linanuka. Ukisema "watu hawa si wenzetu", utaulizwa maswali. Ukisema "mchezo wao unachosha", unaambiwa una utani mzuri.

Mwenye kuchukia kwa uaminifu zaidi ni Chuck Klosterman. Katika kitabu chake cha mwaka 2003, Sex, Drugs, and Cocoa Puffs, ana insha inayodai kwamba watoto wa Marekani hucheza soka kwa sababu ndio mchezo pekee ambao mtoto asiyejua chochote anaweza kukimbia uwanja mzima bila kuonekana kwamba hajui. Kwenye besiboli, mpira ukikujia na ukaukosa, mji mzima umekuona. Kwenye soka unajificha katikati ya wenzako. Kwa hiyo, anasema, ni mchezo wa waliotengwa, na wakikua wanauacha.

Anakosea kuhusu mpira, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuwa kipa. Lakini yuko sahihi kuhusu mahali fulani na wakati fulani: vitongoji vya watu wenye nafasi, miaka ya 1980 na 1990, ambako wazazi waliwapeleka watoto kwenye soka la Jumamosi kwa sababu hakuna anayeumia na kila mtoto anapata medali. Kufikia uchaguzi wa rais wa 1996, "mama wa soka" lilikuwa jina la kundi zima la wapigakura. Klosterman anaandika kama mtoto wa mji mdogo wa North Dakota anayewatazama watoto hao kwa mbali. Chuki yake ni ya kitabaka, na anaibeba mwenyewe badala ya kuisingizia bendera. Ndiyo maana nikilazimishwa kuchagua insha moja ya upande wao, nitachagua hiyo.

Nafasi ilijazwa lini?

Wanahistoria wana jibu tofauti, tulivu zaidi. Andrei Markovits na Steven Hellerman, katika Offside: Soccer and American Exceptionalism cha mwaka 2001, wanasema kila nchi ya viwanda ilikuwa na nafasi chache za michezo ya umma, na nafasi hizo zilijazwa kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na miaka ya 1930. Marekani zilijazwa na besiboli na futiboli yao, baadaye mpira wa kikapu na hoki. Soka lilipokuja kubisha hodi, viti vilikuwa vimeisha.

Na ilibaki kidogo tu mambo yawe mengine. Mechi ya Rutgers na Princeton ya mwaka 1869, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa futiboli ya vyuo, ilichezwa kwa kanuni za kupiga mpira, si za kuubeba. Chuo cha Harvard ndicho kilichong'ang'ania mchezo wa kubeba, na kufikia 1876 vyuo vikubwa vikakubaliana na kanuni za mtindo wa raga. Watoto wa matajiri wakaenda huko. Mpira wa miguu ukabaki kwa wafanyakazi wahamiaji: Waskoti na Waingereza wa viwanda vya nguo pale Fall River, Massachusetts, na timu ya kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania. Walikuwa na ligi yao ya kulipwa kuanzia 1921, na ilikuwa ligi ya maana. Marekani ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa, 1930. Lakini ugomvi wa viongozi wa ligi na shirikisho mwaka 1928, kisha mdororo wa uchumi uliofuata, vikaimaliza. Mwaka 1933 ligi ilikuwa imekufa.

Nakikubali kitabu hiki kwa sehemu. Kinaeleza vizuri kwa nini mgeni hakupata kiti. Hakielezi kwa nini waliokaa wanampigia kelele mgeni aliyesimama mlangoni kwa adabu. Nafasi iliyojaa huzaa kutojali, haizai hasira. Franklin Foer alijaribu kuieleza hasira hiyo katika sura ya mwisho ya How Soccer Explains the World cha mwaka 2004: wanaolipinga soka wanaogopa utandawazi, wanaogopa Marekani kuwa nchi kama nchi nyingine. Sura hiyo ni nzuri, ila ni nadhifu mno kwangu. Inawazungumzia zaidi watu wa tabaka lake, wazazi wasomi upande mmoja na watangazaji wa redio upande wa pili. Mhamiaji anapita pembeni tu, wakati yeye ndiye kesi yenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa Joe Gaetjens. Tarehe 29 Juni 1950, pale Belo Horizonte, Brazil, Marekani iliifunga Uingereza 1–0. Bao lilifungwa kwa kichwa na Gaetjens, kijana wa Haiti aliyekuwa akisoma New York na kuosha vyombo mgahawani. Hata uraia wa Marekani hakuwa nao. Bao kubwa kuliko yote katika historia ya mpira wa nchi hiyo lilifungwa na mtu ambaye kwa kipimo cha Coulter hakustahili hata kutazama mechi. Waliporudi nyumbani hakuna aliyewapokea kwa shangwe. Gaetjens alirejea Haiti, na mwaka 1964 akachukuliwa na vikosi vya Duvalier, asionekane tena. Nchi nyingine ingemjengea sanamu na kumtungia riwaya kumi.

Besiboli ina riwaya

Hapa naomba niingie na hoja yangu ya kifasihi, kwa sababu nadhani ndiyo inayokosekana kwenye vitabu vyote hivi. Marekani imeiandika besiboli hadi ikawa kama dini ya ukoo. Bernard Malamud aliandika The Natural mwaka 1952. Robert Coover akaandika riwaya nzima, mwaka 1968, ya mhasibu anayebuni ligi ya besiboli kichwani mwake. Don DeLillo alipotaka kuandika historia ya nusu karne ya nchi yake katika Underworld, 1997, alianza na mechi moja ya besiboli ya Oktoba 1951, kwa macho ya mvulana mweusi aliyeruka kizuizi cha getini kwa sababu hana tiketi. Sinema ya Field of Dreams ya 1989 inamfufua baba aliyekufa ili mwanawe arushiane naye mpira.

Ona kinachojirudia: baba, mwana, urithi. Mtoto wa Kimarekani harithi besiboli kwa kuicheza tu, anairithi kwa kusimuliwa. Babu alikuwepo mechi fulani. Baba alimpeleka mechi fulani. Takwimu zenyewe ni masimulizi, kwa sababu unaweza kumlinganisha mchezaji wa leo na aliyekufa kabla ya baba yako kuzaliwa. Mpira wa miguu ulipoteza babu zake mwaka 1933, kisha ukamsahau Gaetjens. Ukabaki mchezo usio na hadithi ya nyumbani. Mtoto aliyepelekwa Jumamosi alirudi na medali ya plastiki bila simulizi yoyote. Sasa mtu aliyelelewa hivyo, ukimketisha mbele ya mechi ya dakika 90 isiyo na bao, anaona nini? Sisi tunaona mwaka ule Fulani alipokosa penalti, tunaona ugomvi wa mjomba na shemeji, tunaona miaka. Yeye anaona watu wanakimbia. Hana kosa.

Kwa hiyo Coulter alipotaja babu mzaa babu aligusa jambo la kweli kwa mkono mchafu. Mchezo unahitaji babu. Alipokosea ni kudhani kwamba babu wa Marekani lazima awe amezaliwa Marekani.

Mhuri

Sasa ule mhuri. Clarkston ni mji mdogo karibu na Atlanta, Georgia, ambako tangu miaka ya 1990 mashirika ya misaada yamekuwa yakiwapeleka wakimbizi. Kocha mwanamke aliyetoka Jordan, Luma Mufleh, alianzisha hapo timu ya watoto wakimbizi mwaka 2004. Walitoka Liberia, Sudan, Somalia, Bosnia, Iraki, na pia Burundi na Kongo, yaani kwenye nchi ambako Kiswahili kinasikika. Mwaka 2006 meya wa mji akapiga marufuku soka katika bustani ya mji. Sababu aliyoitoa ni kwamba viwanja vile havikutengenezwa kwa ajili ya soka. Ni vya besiboli. Watoto wakawa wanafanya mazoezi kwenye kiwanja kikavu chenye vipande vya chupa, nyuma ya shule ya msingi, hadi madiwani walipokubali kuwaruhusu kwa muda.

Warren St. John aliyaandika haya kwanza kwenye New York Times, kisha katika Outcasts United cha mwaka 2009. Kwangu ndicho kitabu bora kuhusu suala hili, na sababu ni kwamba hakijadili kama soka ni zuri au baya. Hakuna ukurasa anaotetea sare. Anaonyesha tu mzaha wa magazetini unavyokuwa unapovaa suti na kuingia ofisini: unakuwa amri, na amri inamhamisha mtoto wa miaka 12 kutoka kwenye nyasi hadi kwenye chupa. Tena St. John hawapambi watoto. Wanagombana, wanachelewa, kocha anafikia hatua ya kuivunja timu moja ya vijana katikati ya msimu. Ni watoto, basi. Mufleh mwenyewe baadaye ameandika kitabu chake, Learning America, 2022, kinachohusu zaidi shule aliyoijenga kutokana na timu ile.

Cha pili ni One Goal cha Amy Bass, 2018. Lewiston, Maine, ulikuwa mji wa viwanda wa watu wenye asili ya Kifaransa kutoka Kanada, ambao babu zao nao walibaguliwa kwa lugha yao na Ukatoliki wao. Wasomali walianza kuhamia mwaka 2001. Mwaka uliofuata meya aliandika barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya kuja. Mwaka 2015 timu ya sekondari ya mji, ikiwa imejaa vijana wa Kisomali, baadhi yao waliojifunza mpira kwenye vumbi la kambi ya Dadaab, Kenya, ilichukua ubingwa wa jimbo kwa bao 1–0.

Na walikuwa na kibwagizo cha kupandishana morali kabla ya mechi. Wote, Wasomali na Wazungu, walikumbatiana duara na kupiga kelele: Pamoja ndugu!

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda. Mwalimu wangu wa sarufi angetia wino mwekundu. Angetaka "ndugu, tuwe pamoja", au angalau mkato katikati. Ni Kiswahili cha kambini, kilichookotwa kwenye foleni za maji na mgawo wa unga, kikavuka bahari bila viambishi. Lakini hebu fikiria mtoto wa Kizungu wa Maine, ambaye babu mzaa babu yake pengine alizaliwa kulekule, anamwita mwenzake ndugu kwa lugha ambayo hajui inatoka wapi. Kipimo cha Coulter hakina mahali pa kumweka huyo.

Hata hivyo Bass ananipa wasiwasi mmoja. Kitabu chake kina furaha ya ubingwa, na ubingwa unarahisisha mambo. Mji uliwapenda vijana wale waliposhinda. Je, wangefungwa? Je, yule ambaye hajui mpira, kaka yao anayependa hesabu, au dada yao anayefanya kazi hospitalini, yeye atapokelewa kwa lipi? Mgeni anayelazimika kuleta kombe ndipo aitwe mwenyeji bado ni mgeni. Hapo Clarkston ya St. John, yenye suluhu na vipigo vyake, inaniambia ukweli zaidi kuliko Lewiston yenye kombe.

Kwa anayetaka kusoma

Anza na Klosterman, ucheke na ukasirike. Soma Markovits na Hellerman kama una subira ya vitabu vya wasomi, la sivyo Foer atakutosha. Kisha Outcasts United, polepole, na One Goal baada yake. Safu za magazeti utakutana nazo tu, hazikosekani.

Kinachokosekana bado ni kitabu cha mmoja wa watoto wale. Leo ni watu wazima, wengine wana watoto wao. Wamewahi kuandikwa na mwandishi wa habari, na mwanahistoria, na kocha. Natamani kusoma mechi ile ya kwenye vipande vya chupa ikisimuliwa na aliyekuwa winga wa kulia, kwa Kiingereza chake chenye Kiswahili cha kambini ndani yake, akimsimulia mwanawe. Kama yupo aliyekwisha kuiandika na mimi sijaiona, nitajieni jina hapo chini. Nitainunua.